Mchunga wa Bi Tausi

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu, kwamba ubao wa kukatia mboga wa jikoni kwa Memsabu umestaafu leo, baada ya utumishi mrefu na wa uaminifu. Hakukuwa na hotuba. Memsabu kaleta ubao mpya kutoka mjini, mweupe kama sabuni, na huu wa zamani akaniambia niufanye kuni. Sikuufanya kuni. Nimeufunga nyuma ya baiskeli nikaja nao Kinondoni. Umepinda katikati na una ufa pembeni. Tunafanana.

Kazini Oysterbay: supu ya nyanya, samaki wa kuoka, kastadi. Memsabu kasema vizuri sana. Husema hivyo hata nikisahau chumvi.

Nyumbani si vizuri. Mama mkwe hajala tena. Homa ilimwacha wiki iliyopita. Mganga wa zahanati alisema dawa imefanya kazi yake, kilichobaki ni chakula, na asipokula basi dawa ilikuwa kazi bure. Mke wangu, Mama Zena, anaingia na bakuli la uji na kutoka nalo limejaa vilevile.

Mie mwenyewe mgonjwa simwoni. Ni mkwe. Kalazwa chumba cha uani, mlangoni kuna pazia, na nikipita nainamisha kichwa na kuusalimu ukuta. Shikamoo mama. Ukuta unajibu marahaba. Leo ulichelewa sana kujibu. Niliogopa.

Jumanne, 7 Agosti

Kasema anachotaka. Hataki uji, hataki mchuzi wa kuku, hataki samaki. Anataka mchunga.

Nimepikia Wazungu tangu ujana wangu. Najua kuoka, kukaanga, kumwaga mvinyo juu ya nyama na kuiwasha moto bila kuunguza nyusi. Mkwe wangu anataka gugu.

Kwetu Tabora tuna mboga zetu za uchungu, lakini huu mchunga wa pwani nimeujulia kwa mke. Jani la porini, refu, lenye meno pembeni, ukilikata linatoka utomvu mweupe. Halipandwi. Linamea lenyewe kwenye mashamba ya watu wakati wa masika. Mama Zena anasema kwao majani ni mboga, mizizi huchemshwa kwa tumbo, na maji ya kwanza yanayomwagwa wakati wa kupika hunywewa kidogo na aliyetoka homani ili kinywa kirudi. Mama yake kasema kinywa chake kimekuwa kama cha mtu mwingine.

Tatizo ni Agosti. Mashamba yote makavu. Mama Zena kazunguka hadi bondeni, karudi na majani ya kumtosha sungura, tena sungura mwenye adabu.

Mie najua ulipo. Nyuma ya jiko la Memsabu, pale maji ya kuoshea vyombo yanapotokea. Umejaa, kijani, mwaka mzima. Miaka yote hii namwagilia mboga ya mkwe wangu kwa maji ya sahani za Wazungu, na sikujua.

Jumatano, 8 Agosti

Mchunga nimeleta, kapu zima. Furaha haikudumu. Mama Zena kabandika maji, sufuria ikapinduka, kaungua mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Zahanati wameufunga kitambaa. Hawezi kushika hata kijiko.

Zena mwenyewe, binti yetu, yuko Tanga kwa mumewe. Jirani yetu Bi Tausi anakaanga vitumbua vya kuuza, na saa ambayo mgonjwa anatakiwa kula ndiyo saa ambayo wateja wake wamesimama mlangoni. Kasema anaweza kutoa jiko na chungu na maneno. Mikono hana.

Basi nani atapika? Niliona Mama Zena ananitazama. Nikatazama nyuma yangu, hakukuwa na mtu.

Niandike wazi jambo lenyewe lilivyo. Mwanamume kumpikia mama mkwe wake, naye akajua, akala? Haiwezekani. Mie na yeye hatuli hata mahali pamoja. Halafu huyu si mkwe wa kawaida. Nilipopeleka posa alisema mbele ya wazee kwamba hamtoi mwanawe kwa mtu wa bara ambaye kazi yake ni kusonga na kupakua. Kama anataka mwiko, alisema, na aolewe yeye. Wazee walimbembeleza akakubali. Maneno hakuyafuta. Zena sasa ana watoto, na sijasikia yamefutwa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Nitapika kwa Bi Tausi, ng'ambo ya ua wa makuti. Mama Zena atapeleka kwa mkono wa kushoto. Mpishi, kwa jina, ni Bi Tausi.

Sina wasiwasi. Aliyeweza kuoka bata hawezi kushindwa na jani.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimeshindwa na jani.

Nilikwenda kwa Bi Tausi na kisu changu, ubao wangu mstaafu, na majivuno yangu. Yeye ni Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani: ana ruhusa ya kunitukana na mie sina ruhusa ya kukasirika. Kauangalia ubao. "Mtani, umekuja kupika au kupiga ngoma?" Wanawake wa hapa mboga wanakatia mkononi, shada kwenye kiganja, kisu kinakuja kwenye kidole gumba. Mie siwezi, nitabaki bila kidole. Nikakata kwa ubao kama ninavyokata kila siku, mbio, ka-ka-ka-ka. Wateja wa vitumbua wakachungulia.

Halafu nikafanya nilivyofundishwa. Maji mengi, magadi kidogo ili rangi isipotee, chemsha, mwaga, chemsha tena, mwaga, tia siagi. Bi Tausi alitaka kusema. Nilimnyamazisha kwa mkono, kama ninavyomnyamazisha mtumishi wa mezani kwa Memsabu. Ukatoka kijani kama mapazia ya Memsabu. Mzuri mno.

Bakuli limerudi. Mama mkwe katia kipande kimoja mdomoni na kukitoa. Kasema: "Mwambie Tausi nimeomba mchunga. Nguo za kufua apelekewe dobi."

Bi Tausi hajanisamehe. Jina lake limechafuka uani kwetu kwa dhambi isiyo yake. "Umeuua huo mchunga, Mnyamwezi. Umeuua ukauosha ukauzika." Kweli. Niliuonja. Haukuwa na kitu. Nimeondoa kile kile alichokuwa anakitaka.

Uji pia hakula.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimerudi darasani. Umri huu.

Bi Tausi alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, anakaanga kwa mkono mmoja na kunielekeza kwa mwiko wa mkono wa pili. Chagua majani machanga. Chemsha mara moja tu. Maji mwaga, lakini usimwage yote, na usikamue kama unakamua godoro. Uchungu ubaki. "Uchungu ndio mboga, mtani. Ukiuondoa umebaki na nyasi." Tui jepesi kwanza, kitunguu, nyanya moja, liache lichemke. Tui zito mwisho, na hapo usiondoke, koroga, likikatika nakufukuza. Maji ya kwanza nikayachuja kwenye kikombe.

Akanipisha kwenye mbuzi, nikakuna nazi mwenyewe. Kwa Memsabu kazi hiyo anafanya mtu mwingine. Nimejikuna na vidole.

Mama Zena kaenda na bakuli. Nilibaki nyuma ya makuti, nimesimama kama mwizi. Halafu nikasikia kijiko kinagonga bakuli.

Kala robo. Na kikombe kakunywa chote na kukunja uso, Mama Zena anasema, kama mtoto.

Nikakaa chini kwenye majivu bila kuangalia. Suruali ya kazini. Haidhuru.

Jumamosi, 11 Agosti

Kala nusu.

Jumapili, 12 Agosti

Kala nusu na wali kidogo. Ukuta umeitikia salamu yangu mara moja, bila kuchelewa. Mie hodari. Nani abishe.

Jumatatu, 13 Agosti

Memsabu kaniona mikono. Utomvu wa mchunga ukikauka unaacha weusi kwenye vidole, hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. "Mpishi, mikono yako iko chafu." Nikamwambia si uchafu, ni mboga. "Mboga gani?" Nikamwonyesha dirishani, pale kwenye maji ya vyombo. Akatazama. Akanitazama. "Ile iko majani ya ng'ombe." Ndiyo, Memsabu. Chai yake leo kaichunguza kabla ya kunywa.

Nyumbani kala karibu yote. Kaomba uongezwe uchungu. Nilifurahi kupita kiasi. Nimewahi kusifiwa na watu wa serikali kwa bata wa kuoka na sikufurahi hivi.

Jumatano, 15 Agosti

Hatari kidogo leo. Mama mkwe kamwita Bi Tausi aje amshukuru ana kwa ana. Hawezi kukataa. Kaenda, kakaa mkekani, mie nyuma ya ua wa makuti nimesimama na mwiko.

Mama mkwe kamsifu. Kasema mkono wake mwepesi kwenye chumvi siku nyingine, mzito siku nyingine, kama mtu mwenye mawazo. Bi Tausi kajibu ni kweli, ana mawazo, ana mtani mjinga jirani yake. Halafu mama mkwe kauliza, polepole: "Tausi, mboga unakatia nini?"

"Mkononi, mama. Kama watu."

Mama mkwe akacheka. Kicheko cha kwanza tangu aletwe hapa. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, Mama Zena akampa maji. Hatukujua kilichomchekesha. Bi Tausi alipotoka kaniambia labda homa inarudi kwa mlango wa nyuma.

Katoa zawadi pia. Doti ya kanga, mpya, ya Tausi kwa mikono yake mizuri. Bi Tausi kaivaa jioni hiyo hiyo na kupita mbele ya nyumba yangu mara kadhaa bila sababu. "Nimevaa jasho lako, mtani. Limenikaa?"

Limemkaa.

Alhamisi, 16 Agosti

Habari mbaya. Jumamosi jioni Memsabu ana wageni wengi, meza zitatandikwa nje nyuma ya nyumba, na mtunza bustani kaambiwa asafishe pote, pamoja na pale penye maji ya vyombo. Hasa pale. Nadhani mie ndiye niliyempeleka Memsabu macho pale, na vidole vyangu.

Nimemwomba mtunza bustani asubiri wiki moja. Ni mtu wa Songea, mtaratibu. Kasema amri ni amri, lakini asubuhi atachelewa kunoa jembe. Kwa lugha yake huo ni upendo mkubwa.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimechuma wote uliofaa. Nimeufunga kwenye gunia lililolowanishwa na kuuweka kivulini kwa Bi Tausi. Utafika Jumapili, labda Jumatatu. Baada ya hapo sijui. Najipa moyo. Anakula wali sasa, anakula ndizi, mchunga ni kama kengele tu ya kumwita mezani.

Kesho nitakuwa kazini kutwa na jioni yote. Bi Tausi kaapa kufunga biashara mapema na kupika mwenyewe. Basi hakuna shida. Atakula kilichopikwa na mwenye jina.

Jumapili, 19 Agosti

Jana Memsabu kasifiwa na wageni wote. Mie nimerudi leo mchana baada ya kuosha kila kitu, nimechoka, nimebeba kipande cha keki kwenye karatasi. Nimemkuta Mama Zena amekaa kizingitini, mkono wenye kitambaa mapajani, analia bila sauti.

Mama yake hajala tangu juzi. Bi Tausi jana kapika vizuri, vizuri kuliko mie, nimeonja kilichobaki. Tui halikukatika, uchungu wa haki, chumvi ya haki. Mama mkwe kauliza nani kapika. Tausi. Akasema basi aache, hana njaa. Akageukia ukutani. Uji wa asubuhi hakuugusa. Bi Tausi kaenda kumbembeleza mwenyewe, na kanga yake mpya mwilini. Hakugeuka. Ndizi, hapana. Maji kidogo tu.

Bi Tausi alikuwa jikoni kwake, hakaangi kitu, hanitukani. Hilo lilinitisha kuliko yote. "Sikumfanya kitu, ndugu yangu," alisema. Ndugu yangu. Hajapata kuniita hivyo.

Nilipita penye pazia. Shikamoo mama. Ukuta haukuitika.

Nilikwenda kwenye gunia. Majani yamelegea lakini yapo. Sikuwa na mpango wowote. Mikono ilitaka kufanya kitu na kazi nyingine haijui. Nikaweka ubao juu ya mafiga nikaanza kukata, ka-ka-ka-ka, machozi yananitoka nikajisingizia moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Sijafika nusu ya shada, Mama Zena kaja mbio hadi kwenye makuti. Mama yake kageuka. Kaomba maji ya kunawa mikono.

Kabla ya chungu kukaa motoni. Kabla ya harufu yoyote. Sielewi.

Kala yote. Nilizidisha chumvi. Kala yote.

Jumanne, 21 Agosti

Mama Zena kaniambia leo, tukiwa wawili, na kwa masharti kwamba sijaambiwa.

Mama yake anajua. Alijua tangu siku ile ya nguo za kufua. Alilala pale chumbani akasikia kisu kinagonga ubao ng'ambo ya ua, na Tausi anamjua tangu hana meno ya mbele, hajapata kuwa na ubao. Hakuna mwanamke wa Kinondoni anayekata mboga hivyo. Mtu mmoja tu anaweza kukata hivyo: aliyefundishwa jikoni kwa Wazungu. Ndiyo maana alicheka alipoambiwa mkononi, kama watu.

Hakusema, kwa sababu akisema inabidi aache kula. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe. Lisiposemwa, Tausi kapika.

Na Jumamosi? Jumamosi alilala akisubiri ubao. Haukulia. Chakula kikaja. Akajua mkwe wake kachoka. Kasema hivyo kwa maneno haya, Mama Zena kayarudia mara mbili: "Nilifikiri ameyakumbuka yale niliyomsema, akaona inatosha. Na ana haki." Basi akageukia ukutani. Hakugoma. Aliona aibu.

Ana ujumbe pia, kwa Tausi. Apunguze chumvi.

Nilitoka nje nikatengeneza mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa mbovu.

Ijumaa, 24 Agosti

Gunia limekwisha juzi. Leo mtunza bustani kaniita nyuma ya jiko la Memsabu, kanionyesha chini kwa jembe. Pale alipolima na kufagia kumetokeza machipukizi, mekundumekundu, ya mchunga. Mizizi ilibaki chini. Kasema alichimba kwa juu juu. Kasema jembe lilikuwa butu. Nilimpa keki yote ya jana.

Nimechimba mizizi michache nikaileta nyumbani. Mama Zena kauchemsha mmoja kwa ajili ya tumbo la mama yake, mingine nimeifukia nyuma ya jiko la Bi Tausi, pale anapomwaga maji. Kaniona nainyunyizia. "Wewe peke yako Dar es Salaam nzima unayepanda mchunga, mtani. Wakikuuliza, usinitaje." Ananitukana tena. Nyumba imepona.

Jumapili, 2 Septemba

Mama mkwe kaondoka kurudi kwao Kisarawe, na miguu yake mwenyewe hadi kwenye lori. Nilisimama mbali, kofia mkononi, macho chini. Nilimwona viatu. Vilisimama kidogo, vikaelekea upande wangu, kisha vikapanda.

Jumapili, 23 Septemba

Siku ya kupumzika. Upepo kidogo. Mama Zena kafunguliwa mkono, kovu litabaki. Kanikatia kucha kwa mkono uleule, kuonyesha kwamba umepona.

Niandike ukweli, kwa sababu barazani kwenye kahawa nimesema mengine. Pale nimesema mkwe wangu alikuwa amekata tamaa, nikampikia dawa ya siri, akasimama. Wamenisifu. Kuna mmoja anataka nimpikie shangazi yake.

Ilikuwa hivi. Chungu cha kwanza nilikiharibu kwa majivuno. Cha pili na vilivyofuata nilipika nilivyoelekezwa na Bi Tausi, na hakuna hata kimoja kilichofikia chake cha Jumamosi ile. Homa aliiondoa mganga wa zahanati. Kinywa huenda mchunga ulikirudisha, watu wa kwao wanasema hivyo na mie siwabishii. Lakini Jumapili ile aligeuka kabla hata sijawasha moto. Alichokisikia ni kisu kwenye ubao, basi. Kila siku aliposikia kisu alijua kwamba mtu ambaye yeye alimkataa anasimama juani ng'ambo ya ua na kumkatia mboga, na hataki ajue. Akala. Mie hodari wa mabata niliogopa kila siku, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na nilikuwa nakata kwa nguvu ili nisisikie kama anakohoa.

Ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi lori la Kisarawe limeleta mzigo. Umefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, na aliyeuleta kasema ni wa Bi Tausi, kutoka kwa mama. Bi Tausi kaufungua kizingitini kwake, kautazama, kauleta kwangu bila kusema utani wowote.

Ubao wa kukatia. Mninga, umepigwa randa vizuri, pembe zimeviringwa, haujapata kuguswa na kisu.

"Zawadi yangu hii," alisema. "Lakini mie nakata mkononi, kama watu. Niwekee."

Nimeuweka juu ya meza, karibu na ule wa zamani. Machipukizi nyuma ya jiko la Bi Tausi yamefika kimo cha kiganja. Kesho supu ya nyanya.